Rafu ya Juu

Hildegarda hakuwa mtu wa kushikiwa vitu vyake. Kwenye nyumba za reli pale Kilosa walimwita Mama Pasi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alipiga pasi mpaka matambara ya kufutia vumbi. Akikuta kanga ya jirani imeanikwa ovyo, aliianua akaianika upya, mwenye kanga akiwa amesimama pale pale ametoa macho. Masista wa misheni waliomfundisha kushona ndio waliomwambukiza ugonjwa huo. Ulimi mkali alizaliwa nao, huko Msowero, wala hakuna aliyeweza kumponya.

Aliolewa akiwa na miaka ishirini na sita, watu wakiwa wameshachoka kumuuliza ataolewa lini. Mumewe Thadeo, fundi wa njia ya reli, alikuwa mgane. Mkewe wa kwanza, Agnesi, alifariki akamwachia mtoto wa miezi minane anayeitwa Sikuzani. Hildegarda alimpokea mtoto yule mgongoni siku ile ile aliyoingia ndani ya nyumba. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Mwaka wa kwanza alilia. Mwaka wa pili alifuta machozi, akamwita seremala, akamwambia atengeneze kabati la mtoto, la mninga, rafu tatu, na milango inayofunga sawasawa.

Kabati lile lilijaza nusu ya chumba cha Sikuzani. Rafu ya chini ilikuwa ya nguo za kushindia, ya kati ya nguo za kanisani. Rafu ya juu mtoto hakuruhusiwa hata kuigusa. Huko kulikuwa na nguo za miaka ijayo: gauni la miaka mitano, gauni la miaka sita, na sare ya darasa la kwanza, sketi ya bluu na shati jeupe, na pindo pana la kufumua akirefuka. Wakati huo Sikuzani alikuwa na miaka minne. Nguo zilikuwa za shida. Ukisikia kitambaa kimeingia duka la ushirika, unafika unakuta foleni imeshazunguka jengo. Hildegarda alitumia kanga zake za harusi kushonea nguo za mtoto, akazikata moja baada ya nyingine mpaka akabaki na doti moja.

Na ile sare ilikuwa na sababu yake. Watu wa Agnesi walikuwa watu wa milimani, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, hilo halina mjadala. Mjomba wa mtoto, Cleopa, alisema Sikuzani akae kwa baba yake mpaka umri wa shule, halafu wataangalia. Hildegarda hakupata usingizi kwa neno hilo. Wataangalia nini? Akaona dawa ni moja tu: siku wakija, wamkute mtoto ameshavaa sare, anakwenda shule ya Kilosa, waone haya kumvua.

Kabla siku hiyo haijafika, alikuja Bibiana, mama yake Agnesi, ametokea Munisagara na kikapu cha ndizi. Ilikuwa kama mwaka na nusu tangu lori la operesheni ya kuhamishia watu vijijini limshushe bibi huyo mlimani na kumpeleka kwenye kijiji cha ujamaa. Vyombo vyake vilirushwa garini na vijana wasiomjua, na sanduku la nguo za marehemu binti yake likapotelea njiani. Tangu hapo hakuwa na imani na mtu yeyote anayepanga vitu vya wenzake.

“Shikamoo, mama,” Hildegarda alimwamkia.

Bibiana alimtazama kuanzia miguuni, akapanda taratibu mpaka kwenye kitambaa cha kichwani. “Marahaba,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa.

Siku mbili walikaliana kooni. Ugali ulikuwa mgumu, mtoto alikuwa mwembamba, nyumba ilikuwa inanuka mkaa wa pasi. Hildegarda alijikaza, akajibu “ndiyo, mama” mpaka taya zikamuuma.

Jumamosi asubuhi Thadeo alikuwa kazini, Hildegarda akaenda sokoni. Aliporudi alikuta kabati liko wazi na nguo zote ziko sakafuni. Bibiana amechuchumaa katikati anazipanga upya. Sare ya shule ilikuwa chini kabisa ya rundo, imewekewa viatu juu.

“Mtoto hafikii nguo zake mwenyewe,” alisema Bibiana bila kugeuka. “Namwekea anakofikia. Na hii sare ya nani? Nani alikwambia mjukuu wangu atasoma Kilosa?”

“Mama, naomba uviache hivyo vitu.”

“Nimepekua kabati zima. Cha mama yake kiko wapi humu? Umemfuta mwanangu kama doa.”

Hapo damu ilimchemka Hildegarda. Angeweza kumwambia kwamba sanduku la Agnesi alilichukua Bibiana mwenyewe baada ya matanga. Angeweza kutoka nje akapunge upepo. Lakini ulimi ule ulikuwa umefungwa siku mbili nzima.

“Unataka cha mama yake? Ngoja nikupe.”

Akapiga magoti, akaanza kugawa. “Hii yangu. Hii yangu. Hii kanga yangu ya harusi. Hii yangu, nilipanga foleni kutwa nzima. Hii yenu.” Ya kwao ilikuwa moja tu, kigauni cha ubatizo kilichogeuka njano. Alikitupa upande wa Bibiana. “Huo ndio mzigo wenu. Vilivyobaki vyote ni jasho langu, mpaka hilo gauni alilovaa.”

Sikuzani alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyemwona alivyoingia. Alikuwa mtoto msikivu, amelelewa na Mama Pasi. Alivua gauni lake, akalitandika sakafuni, akalikunja, mikono ndani, kola juu, akaenda kuliweka kwenye fungu la Hildegarda. Kisha akabaki amesimama na chupi katikati ya mafungu mawili.

Bibiana aliinuka. Hasira ilikuwa imemtoka usoni, na hilo lilitisha zaidi.

“Kwetu vitu vya nyumba vinagawanywa mtu akifa au ndoa ikivunjika,” alisema. “Hapa hajafa mtu. Nilikuja kumsalimia mjukuu, nirudi zangu Jumatatu. Wewe ndiye uliyegawa, na mtoto ameona.”

Alifungua kanga moja ya doti aliyojifunga, akamzungushia Sikuzani, akakichukua kigauni cha ubatizo. Mtoto alimtazama Hildegarda. “Mama, na wewe unakuja?”

Nisamehe, mama. Maneno mawili tu, na mwanamke mzee angekaa chini. Hildegarda aliyajua, yalikuwa pale pale mdomoni.

“Mkitoka mfunge mlango,” akasema.

Treni ya mchana ilipopiga honi alikuwa bado amepiga magoti. Ndipo alipokurupuka, akakumbatia nguo alizoweza kubeba, akakimbia stesheni bila viatu. Alikuta behewa la mwisho linaishia kwenye kona. Watu wa jukwaani walimwona Mama Pasi anaokota vigauni kwenye kokoto za reli, na siku hiyo hakuna aliyemcheka.

Thadeo alikwenda Munisagara Jumapili, akarudi peke yake. Cleopa alimwambia kwamba ukoo haukumnyang'anya mtu mtoto, mkewe amemrudisha mwenyewe.

Hildegarda alipanga kabati upya. Alifua, akapiga pasi, akakunja kila nguo na kuirudisha kwenye rafu yake. Mwisho likabaki lile gauni alilovua Sikuzani. Alilichukua ili alikunje vizuri. Mikono ilikuwa ndani, kola juu, kingo zimelingana. Hapakuwa na cha kurekebisha.