Nilivyolipigia Magoti Koti la Baba Mkwe

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana shangazi yenu akiisimulia anatia chumvi, na chumvi imo tayari.

Enzi za Mwingereza, mimi msichana wa hapa Njombe, mzuri (msibishe, hamkuwepo), wakwe wanakuja kutoka Makambako kunitazama, na mimi macho yamevimba, yanatoa tongo, asubuhi hayafunguki mpaka mama ayaoshe. Wakiniona hivi si watageuza! Mama akanikimbiza zahanati, dresa, mtoa dawa wa pale, akanipa kityubu cha penisilini ya mafuta, dawa ngeni wakati ule, akasema, "Kidogo tu, kama punje ya ulezi, asubuhi na jioni. Siku chache utapona."

Siku chache, na wakwe ni kesho! Nikajiambia, kama kidogo kinaponya polepole, kingi kitaponya upesi. Kulipokucha nikakikamua chote, nusu jicho hili, nusu lile, kilichofurika nikajipaka usoni ning'are.

Dunia ikawa ukungu mtupu. Nikasikia wageni wameingia, nikabeba kata ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kichwa chini kama nilivyofunzwa, mbele yangu naona kitu cheusi, mabega mapana, kofia juu. Baba mkwe huyo. Nikapiga magoti.

"Kamwene, baba."

Kimya. Na kwetu Wabena binti hainuki mpaka mkubwa aitikie, basi nikabaki hapo, magoti yanawaka, mafuta yanachuruzika mpaka kidevuni, nikawaza mzee ananipima adabu huyu, atanikuta nimeota mizizi. (Wageni nao walidhani ni desturi ya ukoo wetu, wakaona vibaya kuuliza.) Mwishowe nikamshika mkono nimpe kata. Mkono hauna mfupa! Ulanzi wote ukaingia kwenye mkono wa koti.

"Binti," sauti ikatoka nyuma yangu, "koti hilo nimerudi nalo vitani, halijawahi kunywa. Mwenye kiu niko huku."

Kumbe koti la jeshi, limetundikwa nguzoni likauke manyunyu, na kofia yake juu!

Mama mkwe akaruka. "Tumeletewa kipofu!"

Nikajua nimeachwa. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kipofu nini! Kalipigia goti koti langu muda wote huu, na wewe tangu nikuoe hujanipigia hata robo yake. Tunamchukua."

Nikaolewa, na macho yakapona kwa kityubu cha pili, punje kwa punje. Ila tangu siku ile, mtu hata awe mkubwa namna gani, simpigii goti mpaka kwanza akohoe.