Kikosi cha Mama Hilaria

Hilaria alitolewa kwenye kwaya ya kanisa kwa sababu ya sauti. Haikuwa mbaya, ilikuwa kubwa tu, kubwa kiasi cha kumeza sauti za wenzake wote, na mwalimu wa kwaya, mtu mpole asiyependa ugomvi, akamwambia kwamba Mungu ana kazi nyingi kwa watu wake, si lazima zote ziwe za kuimba. Hilaria alirudi nyumbani Chang'ombe akiwa na machozi. Mumewe Obedi, fundi baiskeli, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi pumzika," kisha akaendelea kuziba pancha.

Hakupumzika. Mwaka uleule alianza kupeleka karanga za kukaanga uwanjani siku za mechi za Mzabibu FC. Mpira hakuujua. Alichojua ni kwamba watu wenye wasiwasi hutafuna sana, na mashabiki wa Mzabibu walikuwa na wasiwasi kuanzia filimbi ya kwanza. Siku moja beki wa timu ngeni alimkwatua winga wa Mzabibu mbele yake kabisa, na Hilaria, bila kukusudia, akapaza sauti: "We kijana, mama yako anajua uko hapa?"

Uwanja mzima ulisikia. Beki mwenyewe alisikia, akageuka kutazama jukwaani kama anayemtafuta mama yake kweli. Watu walicheka hadi wakaanza kupigana mabega. Jumamosi iliyofuata waliulizana yule mama wa karanga yuko wapi, na kabla msimu haujaisha Hilaria alikuwa amesimama mbele ya jukwaa, ngoma nyuma yake, akiongoza nyimbo alizozitunga mwenyewe wakati anasonga ugali. Sauti iliyofukuzwa kanisani ilikuwa imepata pa kwenda.

Nyimbo zake za ushindi zilikuwa nzuri, ila hazikupata nafasi ya kutosha. Zilizovuma ni zile za kufukuza makocha. Kila kocha alikuwa na wake. Makocha waliopita Mzabibu waliondoka wote kwa kile ambacho klabu ilikiita kwenye taarifa zake "makubaliano ya pande mbili". Pande zenyewe zilikuwa uongozi na koo la Hilaria.

Basi ndivyo hali ilivyokuwa timu iliposhika mkia wa ligi na kocha mwingine akakubaliana na pande mbili. Klabu ikatangaza redioni kwamba mwalimu mpya anaitwa Bernardo na atawasili Ijumaa. Haikusema zaidi.

Mwenyekiti wa tawi la mashabiki alikuwa Seth, karani wa ofisi moja kule Mtumba, kijana wa shati lililonyooshwa ambaye hakuwahi kukosa maoni. Aliitisha kikao cha dharura kwenye kibanda cha Hilaria, maana siku za kazi Hilaria aliwapikia watu wa maofisini chakula cha mchana kulekule Mtumba.

"Bernardo ni jina la Brazili," alisema Seth. "Hiyo ni konfemu."

"Umeambiwa na nani?" aliuliza mtu.

"Sikuambiwa. Nimefanya uchambuzi."

Hilaria alifurahi kama wengine. Mbrazili angeelewa ngoma, alisema, Wabrazili wanacheza mpira kwa kiuno. Siku mbili zilizobaki tawi halikulala kwa mipango. Vitambaa vya njano na kijani viliadimika sokoni. Mzee mmoja aliyedai kuwahi kufanya kazi na Wareno aliwafundisha wote neno moja la salamu, na baadaye ikajulikana kuwa neno lenyewe lina maana ya "asante". Swali la atashukia wapi lilizua mzozo mkubwa zaidi, kwani wengine walitaka kwenda uwanja wa ndege, mpaka mtu wa klabu alipowaambia kwamba mwalimu anakuja kwa basi.

"Mnyenyekevu," Seth alieleza. "Makocha wakubwa wako hivyo."

Ijumaa walijaa stendi na ngoma zao. Basi waliloelekezwa lilitoka Mpwapwa, wilaya ya jirani. Jambo hilo lingepaswa kuwashtua, lakini mtu aliyekwisha kununua kitambaa hashtuki upesi. Wakateremka akina mama na vikapu vyao, akateremka askari mmoja, wakateremka wanafunzi. Kisha akashuka mtu wa makamo, mfupi, mweusi tii, kofia ya jua kichwani na chupa ya chai mkononi. Aliwatazama, akaitazama njano na kijani yote ile, akasema, "Mbukwenyi."

Hiyo ni salamu ya Kigogo, na wengi wao walizaliwa nayo. Hakuna aliyeitika.

"Labda huyu ni mkalimani," alinong'ona mwenye ngoma.

Wakaendelea kutazama mlango wa basi. Kondakta akashuka, akafunga mlango, akawauliza kama kuna mzigo wao. Hapo ndipo Hilaria alipoelewa, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Yule mtu alijitambulisha kwa jina la Bernardo, mwalimu wa michezo wa zamani, aliyeinoa timu ya wilaya hadi ikapanda daraja. Akawashukuru kwa mapokezi, akauliza kama kuna mtu wa kumsaidia begi. Seth alikuwa amekwisha kujificha nyuma ya gari la miwa.

Wabrazili wa jana wakawa wakali leo. Kwenye kundi la simu waliandika kwamba wamedanganywa, ingawa hakuna aliyeweza kusema ni nani aliyedanganya. Mechi ya kwanza ya Bernardo ilikuwa sare, wakasema anaogopa. Ya pili alifungwa bao moja, wakasema anajiamini kupita kiasi. Ya tatu, timu ikiwa nyuma na dakika zimebaki chache, Hilaria alisimama, akawageukia watu, akaanzisha wimbo mpya. Ulikuwa mfupi: basi la Mpwapwa linapakia, Bernardo kata tiketi, siti ya dirishani ipo. Watu waliudaka mara moja. Ulikuwa wimbo mtamu kuliko yote aliyowahi kutunga, naye alijua.

Jumanne yake, watu wa maofisi walipokuwa wamekwisha kula na kuondoka, Bernardo aliingia kibandani. Akavua kofia, akanawa, akaagiza ugali na mlenda. Hilaria alimpakulia bila kumtazama usoni. Alitegemea ugomvi, na jibu alikuwa nalo tayari.

Bernardo alikula polepole mpaka sahani ikabaki safi.

"Mama," alisema, "wimbo wako una mdundo mzuri. Juzi nilijikuta nauimba nikioga."

"Mwalimu, ule ni mpira tu."

"Najua. Sikuja kulalamika. Jumamosi hii ligi imesimama, tuna mechi ya kirafiki na timu ya Kondoa. Nataka tawi lipange kikosi. Ninyi mnapanga, mimi nakichezesha. Na wewe ukae na mimi kwenye benchi."

Hilaria aliweka mwiko chini. "Unatutania."

"Sikutanii. Kila wiki mnanieleza nimekosea. Nioneshe."

Jioni ile alimsimulia Obedi. Obedi aliuliza kama benchi lina kivuli. Lina, alisema Hilaria. "Basi nenda," alisema Obedi.

Kikao cha kupanga kikosi kilikuwa kirefu kuliko mechi yoyote. Watu ambao kwa miaka mingi walijua kikosi sahihi kila Jumapili asubuhi, mechi ikiwa imekwisha, waligundua kwamba Alhamisi mambo ni magumu zaidi. Wanatawi wa Msalato walitaka mtu wa Msalato. Seth alimpigia debe kiungo mmoja, akamsifu kwa kila lugha aliyokuwa nayo, bila kutaja kwamba ni mpangaji wake. Golikipa alichaguliwa kwa sababu anasali. Washambuliaji walipitishwa wote, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkata hata mmoja mbele ya ndugu zake, na walipofika nafasi ya beki wa kushoto majina yalikuwa yamekwisha.

"Beki wa kushoto tutaona hukohuko," alisema Seth. Wakapiga makofi.

Hilaria naye alikuwa na lake. Denis, mtoto wa mdogo wake Angelina, alikuwa kwenye timu tangu mwaka jana na hakuwa ameanza mechi hata moja. Alimweka mbele kabisa. Hakuna aliyepinga, maana kila mmoja alikuwa na wake.

Jumamosi alivaa gauni lake la Krismasi, akakaa kwenye benchi kando ya Bernardo. Kutoka pale uwanja ulikuwa kitu kingine. Jukwaani mpira huonekana kama sisimizi wanaokimbizana. Pale chini alisikia pumzi za wachezaji, alisikia viatu vikigongana, aliona uso wa kijana anayekosea na jinsi anavyotazama chini kabla watu hawajapiga kelele.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Washambuliaji wote walishambulia. Tatizo lilikuja mpira ulipopotea, kwa sababu hakuna aliyerudi. Wale wa Kondoa hawakuhitaji akili nyingi kugundua kwamba kushoto hapakuwa na mtu. Walipita huko wakafunga, wakapita tena, na walipopita mara ya tatu winga wao alikuwa anatembea. Golikipa alikuwa amepiga magoti, haikujulikana kama ni kwa ajili ya mpira.

Hapo ndipo jukwaa lilipoanza. Kwanza ilikuwa ngoma, kisha sauti chache, kisha zote. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, mdundo uleule, maneno tu yamebadilishwa: mama rudi jikoni, ugali unaungua, Hilaria kamata mwiko. Aliyeongoza alikuwa Seth. Alikuwa anatoa sauti nje ya tyuni, na hilo ndilo lililomuuma Hilaria kuliko maneno.

Alishika pindo la gauni. Alifikiri juu ya makocha wote wale, namna walivyokuwa wakikaa hapahapa wakitazama mbele kama viziwi. Alidhani walikuwa na kiburi.

"Mwalimu, nifanye nini?"

"Timu ni yako. Unaona nini?"

Alitazama. Ilimchukua muda, kwa kuwa hakuzoea kutazama akiwa kimya. Kisha akaona kwamba Denis anaburuta mguu wa kulia, kila akigeuka anauma mdomo.

"Yule mtoto ameumia."

"Tangu Jumatano," alisema Bernardo. "Nilijua ana maumivu. Nilimwuliza asubuhi, akasema amepona. Nadhani hakutaka kukuangusha. Na mimi nilikosea kumwacha."

Angelina alikuwa jukwaani na kikundi chake cha akina mama, wamekuja kumwona kijana wao akianza mechi kwa mara ya kwanza. Kumtoa mapema vile mbele yao lilikuwa jambo la kununiana mpaka Pasaka. Hilaria alisimama na gauni lake la Krismasi, akaita kwa ile sauti yake, "Denis, toka."

Kijana alikuja akichechemea, macho yamejaa maji. "Mama mkubwa, naweza kuendelea."

"Huwezi. Kaa hapa, nyoosha mguu." Akamgeukia Bernardo. "Nipe mtu wa kucheza kushoto, yeyote yule anayejua kubaki nyuma."

Akaingia kijana mmoja wa kimya ambaye tawi zima lilikuwa halijui hata jina lake, akaenda akasimama kushoto. Mabao yakakoma. Kuelekea mwisho Mzabibu wakapata moja kwa penalti. Mechi ikaisha wamefungwa matatu kwa moja.

Tawi lilikutana Jumapili. Seth alifungua kikao kwa kusema kwamba kipigo kile kimeonesha wazi udhaifu wa kocha, maana kocha gani mwenye akili anawaachia mashabiki kikosi. Wote wakaafiki. Kisha wakaafiki pia kwamba uongozaji wa nyimbo unahitaji damu mpya. Hilaria akaondolewa. Taarifa iliyotumwa kwenye kundi ilisema ni makubaliano ya pande mbili. Nafasi yake akapewa kijana mwenye kipaza sauti cha betri, aliyesifiwa kwamba ana uzoefu wa kampeni.

Angelina alinuna kweli. Alikuja kibandani wiki nzima imepita, akakaa bila salamu, akaletewa chai.

"Daktari kasema angecheza hadi mwisho angekaa nje msimu mzima," alisema hatimaye.

"Nilimwona anauma mdomo."

"Alikuwa anafanya hivyo tangu mdogo." Angelina alikoroga chai. "Ungenitafuta ukaniambia lakini."

"Ningekutafuta saa ngapi? Nilikuwa naimbiwa."

Angelina alicheka, akapaliwa, wakapigana migongo, na hapo likaisha.

Hilaria hakuacha kwenda uwanjani. Alikaa pembeni kwenye nyasi, karibu na mstari, na mfuko wa karanga zake mwenyewe. Betri za kipaza sauti ziliisha mara kwa mara katikati ya wimbo. Bernardo alishinda mechi kadhaa mbaya mbaya, za bao moja la kona, za kujihami mpaka watu wakasinzia, na siku ya mwisho Mzabibu walinusurika kushuka daraja kwa sababu timu nyingine ilifungwa huko iliko. Kwenye sherehe ya tawi Seth alihutubia kwa kirefu, akasema historia itakumbuka mchango wa kikosi kile cha mashabiki katika kuiamsha timu. Hilaria ndiye aliyepika pilau. Alicheka mpaka akaungua mkono.

Msimu mpya ulipoanza, Mzabibu walifungwa mechi ya kwanza, na katika ya pili walikuwa nyuma kwa bao ambalo kila mtu aliona ni la kuotea. Jukwaa likaanza kunung'unika jina la Bernardo. Seth alishuka hadi kwenye nyasi.

"Mama," alisema kwa upole, "watu wanakuomba. Tuanzishie lile la basi."

Hilaria alimtazama mwalimu, aliyesimama kwenye mstari na kofia yake, mabega yamepanda kidogo kama mtu anayesubiri mvua. Akatema maganda ya karanga, akasimama, akajifunga khanga kiunoni. Wimbo aliouanzisha ulikuwa mpya kabisa, alikuwa ameutunga palepale. Ulimhusu refa. Ulimtaja kwa macho, kwa filimbi na kwa mji alikotoka, na ulikuwa mtamu sana, na jukwaa zima likaudaka.