Kilichovimbisha Uso wa Binti Yangu

Tuliporudi Kalundu, kwetu kando ya ziwa, kutoka milimani, watu wa kwanza kutuona walimsifu binti yangu kwa unene. Alikuwa na miaka sita. Tulikuwa tumekimbia risasi na kukaa huko juu, upande wa Lemera, familia nyingi ndani ya kanisa moja la udongo, tukila viazi na majani ya maharagwe, na karibu kila mtoto aliyeteremka alikuwa amebaki mifupa. Huyu wangu peke yake alikuwa na mashavu.

"Eh, mama, weye ulikuwa unamulisha huyu mutoto nini?" jirani yangu, muuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani, aliniuliza akimshika kidevu. "Wetu wote wamekauka, wako amenona!"

Nilicheka, nikaona fahari kidogo. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashua za mizigo, na vita vilimkuta ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, akashindwa kurudi. Nilikuwa nikiishi na watoto wetu na mama yake, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi, kwa sababu ya wajukuu.

Lakini kabla ya shule kufungwa nilikuwa nimefundisha watoto wadogo, na kazi ile ilinizoesha kuwatazama nyuso asubuhi wanapoingia. Nikaanza kuona jambo. Binti yangu aliamka na macho yaliyofumbwa na uvimbe, kama mtu aliyelia usiku kucha. Kufikia jioni macho yalikuwa wazi, ila kandambili zilikuwa zimemchora mifereji miguuni. Nikajiuliza: ni unene gani huu unaohama, asubuhi uko usoni, jioni uko miguuni?

Kisha akakojoa kwenye beseni, na mkojo wake ulikuwa mwekundu uliokolea, kama chai ya rangi iliyosahauliwa motoni. Nikamwita Koko aje aone.

Koko aliinama, akalitikisa beseni. "Ni sumu," alisema. "Kule juu alikula kwa watu gani?"

"Tulikula sote chungu kimoja, Koko."

Koko aliingia ndani akatoka na majani yake makavu na puari, ule mpira wa kutilia watoto dawa kwa nyuma. Kwetu hakuna mtoto aliyekua bila lavema hiyo. Mimi mwenyewe nilitiliwa, na mume wangu pia. Sikuwa na ubishi nayo. Kilichonishika ni swali tu.

"Koko, hii ni dawa ya tumbo. Ugonjwa uko kwenye mkojo. Itafikaje huko?"

Alifikiri kweli. "Vyote vinatokea chini," alisema, lakini nilisikia kwamba jibu halikumridhisha hata yeye.

"Twende kwanza tuulize mu santre ya afya. Kama hawana neno, tutarudi tufanye hii."

"Nitaenda pia," alisema, na puari akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Nilimbeba mtoto mgongoni. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alimtazama akatabasamu. "Huyu anakula vizuri," alituambia, akatuacha tupite.

Kituo kilikuwa kimebaki na chumba kimoja chenye paa, na mwuguzi mmoja. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini hata ukalazimika kumsogelea. Hakuanza na uso wa mtoto. Alimwegemeza kitandani, akaweka kidole gumba kwenye mfupa wa mguu, akabonyeza, akasubiri, akaondoa. Pakabaki shimo, kama alama ya kidole kwenye ugali. Nililikodolea macho.

"Bonyeza na weye," aliniambia.

Nikabonyeza pembeni ya shimo lake. Nikapata la kwangu.

"Hii si mafuta," alisema. "Ni mayi. Mutoto hajanona, amejaa mayi." Maji, chini ya ngozi!

Kisha akaomba kuona vidole vya mikono. Huko kanisani upele ulikuwa umetushika wote. Watoto walijikuna hadi vidole vikatoa usaha, na sabuni haikuwepo. Vya binti yangu vilikuwa vimepona karibuni, yakabaki makovu. Mwuguzi aliyatazama moja moja, kana kwamba anasoma.

"Vidonda vilipona, halafu uso ukaanza kuvimba?"

"Ndiyo, munganga. Lakini unajuaje?"

Kwanza alimpa mtoto chupa akojoe, akamimina mkojo kidogo kwenye bomba la kioo, akauchemsha sehemu ya juu kwa taa ya spiriti. Vipimo vya kuchovya vilikuwa vimeporwa, alisema, sasa anafanya kama walimu wake walivyofanya. Tulisogea, mimi, Koko na mgonjwa mwenyewe. Mkojo ulipoanza kuchemka, sehemu ile ya juu ikapata ukungu, halafu ikawa nzito na nyeupe. Akadondosha siki. Weupe haukuondoka.

"Kama yai!" binti yangu alisema.

"Kama ute wa yai, ndiyo. Hiki ni kitu cha damu, kilipaswa kubaki mwilini. Mafigo ni chekecheke ya kinyume. Zinaacha uchafu upite, zinazuia unga. Zako sasa zinavujisha unga, na mayi yanayopaswa kutoka hayatoki."

Hapo Koko aliuliza swali lililokuwa kichwani mwangu. "Munganga, vidonda vilikuwa vya vidole. Mafigo ziko mugongoni. Namna gani vimefika?"

Mwuguzi alikaa kitako. Nadhani alipenda kuulizwa. "Vidonda havikufika, Koko. Vijidudu vya kidonda vilipigana na mwili, mwili ukashinda. Lakini mabaki ya vita yalienda na damu yakanasa mu chekecheke. Ni kama hapa kwetu. Wenye kupigana wanaondoka, nyumba inayobomoka ni ya mutu ambaye hakuwa na neno na yeyote."

Nje mtu alikuwa akipigilia mabati.

Koko alifungua pindo la kitenge, akaonyesha puari na majani. "Na hii?"

"Majani mengi nayo yanatokea mu mafigo," alisema bila ukali. "Zake zimechoka. Tusiziongezee kazi." Koko akaifunga tena.

Akatulaza kituoni. Mtoto alichomwa penisilini kumaliza vijidudu vilivyobaki, akakatazwa chumvi, na maji akawa anapewa kwa kikombe kidogo, kwa kadiri ya mkojo uliotoka. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Siku zote nilijua mtoto mgonjwa anyweshwe sana. "Huyo ni wa kuhara au wa homa," mwuguzi alinieleza. "Na muzima naye anywe vizuri, asibane mukojo. Lakini ukimimina mayi mu nyumba yenye mulango umefungwa, yataenda wapi?"

Koko alipika sombe, majani ya muhogo, bila chumvi na mtoto akaisukuma. "Haya ni majani ya mbuzi," alilia. Koko akakaa sakafuni karibu naye, akakamulia ndimu, akaanza kula sombe ileile isiyo na chumvi, kimya, tonge kwa tonge, mpaka mtoto akaona wivu na kufungua mdomo.

Kulikuwa na siku mbaya. Katikati ya asubuhi binti yangu alisema kichwa kinamgonga, kisha akaanza kusinzia kwa namna ambayo haikuwa usingizi. Nilimwita akajibu vitu visivyoeleweka. Mwuguzi alimpima presha, na mara ya kwanza nikamwona anatembea haraka. Alisema damu inasukuma kwa nguvu mno kwa sababu ya maji yale, na maji lazima yatoke leo. Alikuwa amebakiwa na dawa kidogo ya kukojolesha. Akamchoma. Nilishika mkono wa mtoto na kuomba kwa maneno ambayo siyakumbuki. Koko alishika beseni tayari, kana kwamba beseni lenyewe lingevuta mkojo.

Ukaja. Kwanza kidogo, halafu mwingi, halafu mwingi tena hadi Koko akacheka kwa sauti na wagonjwa wengine wakageuka. Sijawahi kufurahia mkojo namna ile. Alasiri mtoto aliomba ndizi.

Katika siku zilizofuata alikonda mbele ya macho yetu. Mashavu yakaenda, mbavu zikaonekana, shingo ikawa kama ya watoto wengine wa vita. Jirani muuza ndagala alipomwona alishika kinywa. "Maskini, amekwisha!" Nikamwambia hapana, sasa ndiyo amepona, nikamweleza habari ya shimo la kidole.

Koko ndiye aliyeeneza habari hiyo zaidi. Alisimamisha watoto wa mtaa njiani, akawageuza vidole. Wenye upele aliwaosha kwa sabuni, akapeleka mama zao kutafuta dawa ya kupaka, na wenye usaha akawatuma kwa mwuguzi kabla hawajavimba. Nyumbani tulichemsha nguo na mashuka yote.

Tuliendelea kurudi kituoni kuchemsha mkojo, na kila mara ukungu ulipungua, hadi siku moja mkojo ukachemka ukabaki mwangavu kama maji. Binti yangu alisikitika kidogo. Alitaka kuliona yai tena.

Mume wangu aliporudi, tulinunua nyama ya mbuzi, na mchinjaji akatuongezea figo. Nilimwita binti yangu na Koko, nikaipasua kwa kisu kwa urefu. Ndani kulikuwa na rangi mbili, ukingo wa kahawia na katikati peupe, na kamrija kembamba kakitokea humo. Binti yangu alipenyeza kijiti mle.

"Mukojo unapita hapa?"

"Unapita hapo."

"Na sisi tuko nazo ngapi?"

"Mbili."

"Sababu gani mbili, na moyo ni moja?"

Kesho yake tulienda kumwuliza mwuguzi. Alicheka, akavua miwani, akasema yeye pia alimwuliza mwalimu wake zamani, na mwalimu akamwambia akae chini aache kusumbua. "Lakini ni swali zuri," alimwambia mtoto. "Ukijua, uje uniambie."