Mkungu wa Ndizi Mlangoni kwa Ackson

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Tusekile alikata mkungu wa ndizi nyuma ya nyumba, akaufuta matope. Mvua ilikuwa inanyunya. Mumewe, Jairo, alikuwa jikoni anaota moto.

"Unaupeleka wapi?"

"Kwa Ackson. Anamwajiri mwanangu, mimi nikae tu kama sina adabu?"

"Ezron alisema tusitie neno."

"Natia ndizi, Baba Ezron. Neno sitii."

Jairo akacheka. Hajacheka tena tangu siku hiyo.

Ezron, mtoto wao wa pekee, ana miaka arobaini na moja na udaktari wa sayansi ya udongo. Udaktari huo ulimla miaka saba. Vyuo vilimkataa kufundisha, eti alama za digrii yake ya kwanza zilikuwa chini. Kwingine wakamwambia amesoma kupita kazi yenyewe. Akarudi Kawetele kulima na baba yake. Vijana wa kijiweni wakimwona na jembe wanapaza sauti: "Dokta, hebu onja huo udongo, utuambie kama chumvi imekolea!"

Ndipo kituo cha kununulia majani ya chai kikatafuta karani wa mizani. Kidato cha nne kilitosha. Ezron akapeleka cheti hicho tu, kile kikubwa akakilaza chini ya godoro. Akapata. Aanze Jumatatu.

Tusekile alichuma chai tangu Ezron ananyonya. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, havikutakata hata kwa Meza ya Bwana. Ackson, mkuu wa kituo, aliupokea mkungu wake mlangoni.

"Ndaga, asante, mama. Kijana wako shule hana, ila tutamvumilia."

Tusekile alikuwa ameshageuka kuondoka. Akarudi.

"Mwanangu ni daktari wa sayansi. Muulize."

Ackson alimpigia Ezron simu saa hiyo hiyo. "Nikuajiri ili kesho ukalie kiti changu? Baki na udaktari wako." Kazi akapewa Baraka, aliyemaliza kidato cha nne juzi. Mkungu haukurudishwa.

Adhuhuri Ezron aliingia jikoni. Hakupaza sauti.

"Mama, umenimaliza. Bora ungekufa mwaka jana, leo ningekuwa na kazi."

Jairo alisikia. Akaendelea kuchochea moto. Hilo halimtoki.

Siku ya nne Tusekile alianguka kati ya mistari ya chai, kapu mgongoni. Walipomfikia, roho ilikuwa imeshatoka.

Jairo hajui kalamu. Wasifu wa marehemu aliuandika Yohane, mzee wa kanisa. Ezron akausoma kabla ya ibada, akaweka kidole kwenye jina lake.

"Hilo la Dokta litoke. Ackson atakuwepo, na nasikia kuna nafasi kituo cha Matwebe."

Yohane akamtazama Jairo. Jairo akatazama chini. Likafutwa. Wakamzika mama wa mtu wa kidato cha nne. Nafasi ya Matwebe nayo akapata mwingine.

Na jibu la Tusekile pale jikoni halikusomwa kaburini, maana alilisikia Jairo peke yake. Siku ile Ezron alipotoka, Jairo alimuuliza mkewe kwa nini hakunyamaza kwa Ackson kuhusu udaktari. Tusekile alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho.

"Nimebeba kapu miaka yote hii ili nilitamke neno hilo mara moja. Nimelitamka."