Nani Afunge Lango

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilitengeneza kurasa za tovuti katika chumba kimoja pale Suna, mjini Migori, na chumba chenyewe hakikuwa na mtandao. Shirika dogo lililoniajiri lilikusanya habari za mialo ya ziwa, yaani fuo wanakoteremshia wavuvi samaki, kuanzia Sori hadi upande wa Homa Bay: samaki gani anapatikana wapi, barabara ipi inapitika wakati wa mvua. Nilizipanga habari hizo kwenye kurasa, nikazitia kwenye disketi, na disketi ikasafiri hadi Nairobi, ambako mtu nisiyemjua alizipandisha mtandaoni. Hakuna aliyewahi kuniambia kama zilisomwa. Nilikuwa mgeni, na Kidholuo changu kiliishia kwenye salamu. Nikishasalimiana na fundi cherehani wa chumba cha jirani, kinywa changu kilipumzika mpaka jioni.

Kisha akaletwa mwanamke kutoka ofisi yetu ya Homa Bay ajifunze kazi ile. Watoto wake aliwaacha huko kwa shemeji yake. Mkubwa wetu alikuwa amesema wazi kwamba siku atakapoweza kutengeneza kurasa bila msaada, atarudi kuifanya kazi hiyo kwao. Yeye aliitamani siku hiyo. Mimi niliiogopa, kwa sababu tangu afike, kulikuwa na mtu wa kuniuliza nimeamkaje na kusubiri jibu.

Kazi yenyewe si ngumu, hata kwako usiyewahi kuigusa. Ukurasa wa tovuti huandikwa kwa alama. Jedwali lina alama ya kulifungua na alama ya kulifunga, na kila mstari wa ndani una zake. Ukiziandika kwa mkono, utasahau moja na ukurasa wote utavurugika. Kwa hiyo niliandika programu ya kuziandika alama hizo kwa niaba yangu: jedwali ni kitu, mstari ni kitu, na kila kitu kinajua kujiandika chenyewe. Wewe unakiambia tu, "Jiandike." Ili aelewe, nilimwambia jedwali ni kama boma, na alama zile mbili ni lango likifunguliwa na likifungwa. Mistari ni watoto wa boma hilo.

Alifurahia mfano huo, akaenda kuandika jedwali lake mwenyewe la mialo.

"Nyaminwa, kuja uone," akaniita. Ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza, dada yake. "Sori iko ndani. Hawa wengine wote wamelala nje."

"Na mvua hii ya Migori?"

"Wacha kunicheka! Wakinyeshewa si mimi nitaulizwa?"

Kweli, mwalo wa kwanza ulikaa vizuri ndani ya mistari ya jedwali, na mingine ilitapakaa chini yake ovyo. Nikasoma alichoandika. Kila mstari, ukishajiandika, aliuagiza uandike pia alama ya kulifunga jedwali.

"Dada, mbona mtoto ndiye anafunga lango?"

"Sasa nani? Kwetu anayeingia mwisho ndiye anafunga. Ng'ombe wakitoka usiku, baba hatauliza mtu mwingine."

Nikacheka, kisha nikaona kwamba hilo ndilo jambo pekee lililokuwa limebaki kati yake na Homa Bay. Ningesema tutaendelea kesho, asingeshuku lolote. Lakini alikuwa ameshanigeukia, kalamu mkononi.

"Ukiwa mtoto unaingia jioni," nikamuuliza, "unajuaje kama wewe ndiye wa mwisho?"

"Naangalia nyuma."

"Mstari hauna macho ya nyuma. Unajijua wenyewe tu. Haujui kama una ndugu wanaokuja."

Aliipitisha kalamu juu ya kioo cha kompyuta, mstari mmoja mmoja. "Kwa hivyo kila mmoja alifikiri yeye ndiye kitinda mimba."

"Naam."

"Basi ni mama," akasema polepole. "Mama ndiye anajua amezaa wangapi. Anafungua, anawaita mmoja mmoja, kila mtu anaandika yake. Wakiisha, anafunga yeye mwenyewe."

"Andika hivyo hivyo ulivyosema."

Alifuta, akaandika kwa vidole viwili. Mialo yote ikaingia ndani. Akapiga kigelegele kifupi, mpaka fundi cherehani akachungulia dirishani kuuliza nani ameolewa. Ukurasa uliofuata aliutengeneza bila kuniuliza kitu, na wiki ile haijaisha alikuwa amefunga mizigo. Nilimsindikiza hadi stendi. "Nyaminwa, usikonde," aliniambia, kisha akawa anazungumza na kondakta kwa Kidholuo, na uso wake ulikuwa tayari umefika nyumbani.

Baadaye ilikuja disketi yake ya kwanza kutoka Homa Bay. Alikuwa amebuni kitu ambacho sikumfundisha: mwalo wenyewe, kitu kinachobeba habari zake zote na kujiandikia ukurasa wake mzima. Kilikuwa kizuri kuliko changu. Niligeuka kando kumuuliza mtu kama ameona. Kiti cha pili, alichokuwa akikalia yeye, fundi cherehani alikuwa amekiazima kwa ajili ya wateja wake. Sikumwomba akirudishe.