Pindo la Marie-Thérèse

Mzee Kalenga wa mtaa wa Hewa Bora alimfumia mke wake sanda angali hai, kama baba yake alivyomfumia mama yake kijijini, upande wa Kambove. Nyuzi za rafia alizichemsha na nkula, unga wa mti mwekundu, mpaka zikashika rangi. Pindo moja aliliacha wazi, nyuzi zikining'inia. Ndiyo desturi: pindo hilo hufungwa msibani na yule aliyeachwa. Likifungwa na mwingine, marehemu hajaagwa.

"Mubaba, unaniharakisha?" Marie-Thérèse alikuwa akimtania.

Kisha wakaja watu wa chama cha kuokoa ufumaji, wenye suti safi na mapenzi makubwa kwa vijiji ambamo hawajalala hata usiku mmoja. Wakaazima sanda kwa maonyesho mafupi; ufupi huo ukazaa miezi. Waliifungia ndani ya kioo, katikati ya mji. Lile pindo waliliona limeharibika, wakampa fundi wa cherehani alishone vizuri.

Marie-Thérèse alipofariki, Kalenga alikwenda kuidai sanda. Alikuta sherehe: wageni, bia baridi, hotuba juu ya mababu.

"Papa Kalenga," akasema Jeannot, rais wa chama, "ile kitambaa iko patrimoine, urithi ya bote. Haiwezi kuoza mu udongo."

"Na bibi yangu? Yeye ataoza mu nini?"

"Pole, papa. Tutamupatia kitenge muzuri. Lakini utuonyeshe kazi kidogo, bageni banangoja."

Kalenga akakubali. Kioo kikafunguliwa. Akakaa chini na sanda mapajani, akatoa wembe, akaanza kuukata uzi wa cherehani. Wageni wakasogea na simu zao. Jeannot, ambaye hakuwahi kuiona kazi aliyoiokoa, akawaeleza kwamba hivyo ndivyo mababu walivyoanza kufuma.

Pindo lilipofunguka lote, mzee akasimama, akaikunja sanda, akaitia kwapani, akatoka. Wakampigia makofi mpaka mlangoni, na aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa Jeannot.

Msibani, baada ya sala, sisi majirani tulimwona akifunga zile nyuzi, mojamoja, miguuni pa mkewe. Hakumruhusu mtu amsaidie. Alipoufunga uzi wa mwisho alisogea kichwani, akainama karibu na sikio la mkewe.

"Sikuharakishi, mama," akamwambia. "Enda polepole."