Mlango Tuliosema Tutauweka Baadaye

Kwetu Mamba mtu hupiga hodi akiwa ameshafika sebuleni. Akiulizwa "Nani?" hujibu "Mimi," na jibu hilo linatosha. Nimekua nikijua kwamba hiyo ndiyo adabu, na ni adabu kweli, ila haifai kuigwa na kompyuta.

Nafanya kazi katika ofisi ndogo mjini Same, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa zahanati ya kwetu Mamba, kule milimani. Mgonjwa angeingia kwa simu yake na kuona ukurasa wake: tarehe ya kurudi, dawa, majibu ya vipimo. Kumbukumbu zenyewe zingekaa kwenye kompyuta za kukodi zilizo nchi za mbali, kile ambacho sisi wa fani hii tunakiita wingu.

Kikao cha kwanza niliuliza mlango uko wapi. Yaani mfumo utajuaje kwamba anayefungua ukurasa ndiye mwenyewe? Bosi wetu, kijana mwenye roho nzuri na haraka mbaya, alicheka.

"Dada, kule juu watu wanafunga nyumba kwa kijiti. Nani ataiba majibu ya malaria? Tuzindue kwanza, usalama tutaweka baadaye."

Nikamwambia hakuna fundi anayemaliza ukuta ndipo aanze kutafuta pa kupitisha mlango. Akasema nimeongea jambo la maana sana, sasa tuendelee na rangi. Tulijadili rangi mpaka wakati wa chakula. Ikapita kijani.

Basi mfumo ukaanza kazi ukiwa hauna mlango. Uliuliza namba ya simu tu, ukishaipata unafungua. Nani? Mimi. Karibu. Siku ya uzinduzi palikuwa na keki, kwaya na mgeni rasmi aliyesifu usasa wetu. Mimi niliendelea kuulizia ile "baadaye". Nikaambiwa ni baada ya ripoti, kisha baada ya Krismasi, kisha nikaambiwa napenda kulalamika.

Aliyeligundua tundu hakuwa mdukuzi. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa usharika wetu, ambaye kazi yake ni kujua nani anaumwa ili atembelewe. Siku moja alikosea, badala ya namba yake akaweka ya jirani, na sukari ya jirani ikafunguka mbele yake pamoja na tarehe ya kurudi kliniki. Akamshukuru Mungu kwa maendeleo. Tangu hapo, kabla ya kupanga ratiba ya kutembelea wagonjwa, alikuwa anapitia namba za watu wote waliomo kwenye simu yake. Hakuna mgonjwa aliyesahauliwa tena. Naapa sijaona mfumo uliotumiwa kwa upendo kama ule.

Mama yangu alikuwa na uvimbe kwenye titi. Hakumwambia mtu. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa karibu kufunga ndoa, na mama alitaka arusi ipite kwanza, acheze mbele za watu bila kutazamwa kwa huruma. Haya niliyajua nikiwa nimechelewa. Kilichotangulia ni simu ya shangazi.

"Pole mwanangu, pole na ugonjwa wa mama."

Ugonjwa gani?

Kina mama walikuwa wameshaingia nyumbani, hodi ikiwafuata nyuma. Walileta ndizi, kuni na maziwa. Walipiga magoti wakaliombea titi la kushoto kwa sauti ya kanisani, huku wakwe watarajiwa, waliokuja kuzungumzia arusi, wakitazama sakafu. Mama alimshukuru kila mmoja, kisha akaenda jikoni kuwachemshia chai. Mwizi huiba akakimbia. Hawa walikaa mpaka chai ikaiva.

Ofisini nilipiga meza mpaka kikombe cha bosi kikaanguka. Alisema pole, na alimaanisha, kisha akaongeza kwamba wale kina mama hawakuwa na nia mbaya. Najua hawakuwa nayo, ndiyo maana sikuwa na wa kumgombeza ila yeye. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hata ukuta wa kupata ufa hatukuwa nao.

Tulibomoa tukaanza upya, safari hii kwa mlango. Kila mgonjwa ana neno lake la siri. Muuguzi anaona wagonjwa wake tu, na kila anayefungua ukurasa anaacha alama. Sisi tuliojenga hatuoni kilichomo ndani. Hilo la mwisho nililisimamia mimi, bosi akaniita mwenye kichwa kigumu.

Arusi ikapita. Mama akarudia kipimo. Siku ya majibu mfumo uliniambia jambo moja tu, kwamba ujumbe wote umewafikia wenyewe. Niliujaribu kidogo kwa namba ya mama, sitaficha. Ulinikatalia vizuri kabisa, kama nilivyoufundisha, nami nikauchukia. Nikafunga kompyuta nikapanda gari la Mamba.

Nyumbani mlango ulikuwa umefungwa, mchana kweupe, kwa komeo jipya.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Sijawahi kuulizwa hivyo kwenye nyumba ile. Nikataja jina langu, na la ubatizo nikaongeza. Komeo likasogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita."

Tukaongea habari za mvua, tangawizi na bibi arusi. Niliuchunguza uso wake wote, sikupata kitu. Aliponimiminia chai ndipo aliposema.

"Majibu yamekuja."

Nikaweka kikombe chini.

"Leo acha yawe yangu," akasema. "Kesho nitakuambia."